Usiniambie "Weka Linux"

Kuna jibu moja limenichosha, na sidhani limenichosha mimi peke yangu. Ukiuliza kitu chochote cha kuprogramu halafu useme unatumia Windows, kuna mtu lazima akwambie: weka Linux, achana na hiyo takataka. Basi. Anaenda zake akijiona amekusaidia.

Wacha nieleze kwanza hii kompyuta tunayoongelea. Mimi hushinda kwenye saiba moja hapa soko la Kalamba. Watu wakisikia Kalamba wanafikiria maembe na kile kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda, na ni sawa, lakini watu wa maembe pia wana PIN ya KRA, wana watoto wanaoomba HELB, wana barua za chifu za kuchapisha. Mashine ziko tatu, zote Windows, zote zilifika Kenya zikiwa zimeshatumika Ulaya. Moja ndiyo hupewa jioni wateja wakiisha. RAM ni GB 4. Printa ni ya zamani na programu ya kuiendesha ni ya Windows tu. Mwenye saiba ni mzee mpole sana mpaka uguse mashine yake. Aliniambia hivi: "Kijana, fanya kazi yako, lakini asubuhi nataka kompyuta yangu vile niliiacha."

Sasa niambie, hapo Linux naiweka wapi?

Na kazi yenyewe si mchezo wa kupitisha wakati. Nalipwa kwa kunakili sauti za Kikamba: nasikiliza, naandika, natuma. Sauti za wazee wa Kitui na Makueni wakiongea mambo ya shamba, mvua, ndoa. Ukituma faili zikiwa na kasoro, zinarudi, na wiki hiyo hulipwi. Zangu zilirudi mara mbili. Sababu ya kwanza ni ĩ na ũ. Kikamba kina hizo herufi mbili, na si mapambo, ni sauti tofauti na i na u za kawaida. Mwenye kunipa kazi alikuwa ametutumia jedwali la kujazia, na ukilihifadhi kwa CSV ya kawaida ya Excel kwenye mashine kama yetu, ũ inageuka u au alama ya kuuliza. Sababu ya pili huwezi hata kuiona kwa macho. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, Unix kwa moja. Ile ya ziada inabaki mwishoni mwa neno kama vumbi, na skripti ya ukaguzi inakataa neno lote.

Mwenye kazi akatutumia skripti zake ili tujikague wenyewe kabla ya kutuma. Zimeandikwa kwa Perl 5.36, zinaita sed na sort, zinaandika vitu kwa /tmp. Yaani zinategemea kuamka zijikute ndani ya Unix. Maelekezo yalikuwa mstari mmoja, na nadhani umeshajua unasemaje. Weka Linux.

Najua kuna WSL, ile njia ya Microsoft wenyewe ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Ilianza 2016, na toleo la pili la 2020 ni zuri kweli kwa mwenye mashine yake. Lakini hilo la pili linafungua kompyuta pepe yenye kiini halisi cha Linux, linataka uingie kwenye BIOS uwashe mambo fulani, halafu linakula RAM. Kwa GB 4, Chrome ikiwa wazi, utaomba maji. Na BIOS ya hizi mashine ina paswadi ambayo hakuna mtu Kalamba anaijua. Ilibaki huko Ulaya.

Kwa hivyo nikaenda kwa Cygwin. Hii ni ya tangu 1995, ilianzishwa na Steve Chamberlain katika kampuni ya Cygnus, na mpaka leo inatunzwa. Haiondoi Windows wala haifungui kompyuta pepe. Ni folda. Ndani yake kuna faili moja kubwa, cygwin1.dll, inayofanya kazi ya mkalimani: programu ya Unix ikiomba kitu kwa lugha yake, faili hiyo inamwambia Windows kwa lugha ya Windows, inarudi na jibu. Mzee akiwasha mashine asubuhi anakuta kila kitu mahali pake, na ikoni moja mpya tu.

Cygwin ina Perl yake tayari, unabonyeza inaingia. Kama hiyo inakutosha, ishia hapo, usijitese. Mimi nilitaka 5.36 yenyewe, ikae kivyake na moduli zake, ndiyo jibu la mashine yangu lifanane na jibu la mwenye kazi. Kwa hivyo nikashusha chanzo cha Perl, hakifiki MB 20, nikaweka paketi za gcc-core na make, nikaandika:

./Configure -Dprefix=/opt/perl36

Hapo kwa prefix, angalia. Watu wengi wangeweka folda yao ya nyumbani. Lakini akaunti ya Windows ya hii mashine ina majina mawili yenye nafasi katikati, vile sisi Wakenya hupenda kuandika jina kamili, na Cygwin inakupa folda ya nyumbani yenye nafasi hiyo hiyo. Make ikikutana na nafasi inadhani ni faili mbili. Kwa hivyo /opt, jina fupi, hakuna nafasi.

Na ile C kubwa ya Configure si makosa ya kuandika. Perl haina configure ya herufi ndogo kama programu nyingine. Ile inayofuata mtindo wa kawaida wameiita configure.gnu, kwa sababu kuna mifumo isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, na Windows ni mmojawapo. Faili mbili zingegongana. Yaani kuna mtu alikaa akafikiria mashine kama ya mzee wetu.

Watu wengi watakwambia uongeze -des ili ikubali majibu yote yenyewe bila kukusumbua. Mimi nasema mara ya kwanza usifanye hivyo. Acha ikuulize. Fundi mzuri wa mjengo hakuji na tofali kabla ya kuona ploti. Anakuja mikono mitupu, anauliza maji yanatoka wapi, mchanga wa mto uko umbali gani, lori inafika mpaka wapi. Configure ndiye huyo fundi. Haiamini kitu umeambiwa kuhusu mashine yako. Inaandika programu ndogo ya C, inajaribu kuijenga, ikikubali inaandika ndiyo, ikikataa inaandika hapana, inaenda kwa swali lingine. Namba nzima ina ukubwa gani hapa? Kompaila iko wapi? Mashine inaweza kujizalia mchakato mwingine? Majibu yote yanaingia kwa faili moja, config.sh, na hiyo ukiisoma utajua hiyo kompyuta kuliko aliyeiuza. Iliniuliza hadi barua pepe ya msimamizi wa Perl. Msimamizi, mimi, na kiti chenyewe kina mguu mmoja mbovu.

Halafu, hapo mwanzoni tu, inakutangazia hivi: hongera, hauendeshi Eunice.

Nilicheka sana, manake huku kwetu kila ukoo una Eunice wake, na hakuna mtu huwapongezi kwa kukosa mmoja. Ikabidi nitafute. Eunice ilikuwa programu ya mapema miaka ya 1980, iliyowawezesha watu kuendesha vitu vya Unix juu ya VMS, mfumo wa kompyuta za VAX za kampuni ya Digital. Waandishi wa programu walikuwa wanaisumbukia, ikawa ya kuchekwa, na Larry Wall alipotoa Perl ya kwanza tarehe 18 Desemba 1987, kejeli za namna hiyo zilikuwa za kawaida kwao. Sasa fikiria vizuri. Eunice ilikuwa mazingira ya Unix ndani ya mfumo ambao si Unix. Cygwin ni nini? Kitu hicho hicho! Inanipongeza kwa kutokuwa mahali ambapo niko.

Kumbe "weka Linux" si jambo jipya. Ni kejeli ya miaka arobaini. Tangu zamani, mwenye mashine safi amekuwa akimcheka mwenye mashine ya kuazima.

Lakini endelea kusoma kidogo na utaona upande wa pili. Ndani ya chanzo cha Perl kuna folda inaitwa hints, yaani madokezo. Kila mfumo wenye tabia zake una faili yake humo, na yetu ipo: cygwin.sh. Configure ikagundua niko kwa Cygwin, ikaniuliza kama ni kweli, nikabonyeza Enter, na kuanzia hapo maswali mengi magumu yalikuja na majibu yaliyonifaa. Kuna mtu alikutana na hizo shida kabla yangu, na badala ya kuniambia nibadilishe kompyuta, akaandika dokezo. Watu wa programu ni wa aina hizo mbili, na mimi najua ninayemheshimu.

Mambo machache ya kujua kama utajaribu. Itaenda polepole, na si kwamba imekwama. Unix ina njia yake ya kuzaa mchakato mpya, inaitwa fork. Windows haina, kwa hivyo Cygwin inaigiza, ikinakili kumbukumbu ya mzazi kumpa mtoto, na Configure inazaa watoto wengi kweli. Ukiwa na antivirusi inayokagua kila mtoto anayezaliwa, chemsha chai. Chemsha hata muthokoi.

Stima ikipotea usilie. Ilipotea nikiwa katikati ya make, na laptopu yenyewe betri ilishakufa kitambo. Make huangalia tarehe za faili, kwa hivyo ukiirudia inaendelea kutoka ilipofika, haianzi upya. Kama ile faili ya mwisho ilikatika nusu, ifute tu ijengwe tena. Ikikatika ukiwa umeshamaliza maswali, config.sh iko pale, na Configure itakuuliza kama itumie majibu ya jana.

Na endesha make test kabla ya make install. Inachukua muda, lakini ndiyo pekee inakuambia ulichojenga kinafanya kazi kwenye mashine hii, si kwa mashine ya mtu mwingine.

Jaribio langu mwenyewe lilikuwa dogo kuliko hayo yote. Kwa Kikamba asante ni nĩ mũvea. Nikaandika:

perl -e 'print length("mũvea")'

Ikanipa 6. Nikaongeza -Mutf8, ikanipa 5. Herufi ni tano, m, ũ, v, e, a, lakini kwenye diski ũ inachukua baiti mbili. Perl ya kwanza inahesabu baiti, ya pili inahesabu herufi kama vile nyanya yangu angehesabu. Hiyo tofauti ya moja ndiyo ilikuwa inanikosesha pesa. Nikapitisha faili zangu zote kwa dos2unix kuondoa lile vumbi la mwisho wa mistari, nikaendesha skripti za mwenye kazi, zikapita. Nikatuma. Hazikurudi.

Asubuhi mzee alikuja, akawasha, akachapisha fomu ya kwanza ya siku. Hakuuliza kitu.

Ndiyo, Cygwin ni bundles. Na kompaila inafika mamia ya MB, najua vile hiyo inauma. Lakini ile programu ya kuweka Cygwin huhifadhi paketi zote ilizoshusha kwa folda moja, na kwenye mashine nyingine unaiambia isome kutoka folda hiyo bila intaneti kabisa. Yangu iko kwa flashi ya GB 32, pamoja na chanzo cha Perl na config.sh yangu. Uko upande wa Kalamba au hata Wote, kuja na flashi yako jioni nikunakilie, bure. Usije tu tarehe 30 Juni. Siku hiyo ni ya KRA na hata mimi sipati kiti.