Mfunge Ngamia Kwanza: Vijana Wetu na Kamba ya Jabalini



Ndugu katika imani, kila likizo ikikaribia wazazi hutuuliza: je, inafaa kuwaruhusu vijana kwenda Sipi, kule Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wakashuke jabali kwa kamba? Sipi ina maporomoko matatu, na kubwa lao lina urefu wa takriban mita 100. Watu hushuka ukutani, pembeni mwa maji hayo. Sisi walimu tuliowahi kuwapeleka vijana tunajibu: inafaa, kwa masharti.

Wapo wasemao, "Siku ikifika imefika, tawakal tu." Lakini tunawafundisha watoto ile habari aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Kamba ya jabalini ni kamba ya ngamia yule yule. Anayeshuka bila kukagua hajatawakal, amejitupa.

Kwanza, mwalimu. Anayeanza hajifundishi mwenyewe. Huanzia jabali fupi, mpaka azoee kupanua miguu, kuegemea nyuma, na kutouachia mkono wa chini hata kidogo, maana mkono huo ndio breki. Chini husimama mtu ameshika kamba. Anayeshuka akiteleza, yeye huivuta ikakaza, naye husimama.

Pili, ukaguzi. Kofia ngumu, mkanda wa kiunoni na mapajani, karabina iliyofungwa, na kamba isiyochubuka. Juu, kamba ifungwe mahali pawili, ili pamoja pakishindwa pengine pashike. Mwisho wake upigwe fundo, mtu asije akateleza akatoka nao. Binti mmoja wa darasa letu alimwuliza mwongozaji kama fundo lipo. Wavulana wakacheka. Mwongozaji hakukasirika, aliivuta kamba juu akamwonyesha. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi wetu huuliza kabla ya kuvaa mkanda.

Tatu, mavazi. Kinachoning'inia huweza kunaswa kwenye chuma cha kushukia, mtu akakwama hewani. Wavulana huacha kanzu nyumbani. Mabinti huvaa suruali pana, vazi la kufika magotini, na hijabu ya kuvuta iliyochomekwa ndani ya kola, bila pini. Mkanda wao hufungwa na mwalimu wa kike aliyefundishwa, kisha mwongozaji hukagua kwa macho. Stara na usalama havigombani.

Nne, maji. Mvua huweza kunyesha mbali mlimani nanyi mko juani. Majirani zetu wa Kenya walipata msiba Aprili 2012 katika korongo la Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yalipoua vijana saba wa kundi la kanisa. Septemba 2019 mafuriko yaliua watu tena pale pale. Korongoni kuta ziko pande mbili, hakuna pa kukimbilia. Kwa hiyo sisi huenda kati ya Desemba na Februari, wakati wa kiangazi, na bado hutazama kilele.

Safari moja wingu jeusi lilifunika mlima kabla ya vijana wanne wa mwisho kushuka. Pesa zilikuwa zimeshalipwa na hazirudishwi. Tukasimamisha. Mvua yenyewe haikunyesha, na vijana walinuna njia nzima hadi Mbale. Mzazi mmoja alikuja kulalamikia pesa yake. Tulimwambia kwa upole kwamba amana aliyotukabidhi ni mtoto, na mtoto amerudi.

Wazazi, kabla ya kutoa ruhusa ulizeni mambo haya manne. Nanyi vijana, mwenzenu akifika ukingoni akasema hapana, mwacheni arudi, wala msimcheke. Pengine ameona msichokiona.

Allah (S.W.) atuhifadhie vizazi vyetu. Wabillahi tawfiq.