Nyumba Nayo Inadai Zamu Yake

Kwa muda wa miaka ishirini na miwili ya utumishi wangu jeshini nililala chini ya mapaa yasiyokuwa yangu. Bati likivuja nilitoa taarifa. Fundi akija au asije, mzigo haukuwa wangu. Nilipostaafu na kujenga nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya mji wa Jinja, nilihamia humo na tabia ile ile.

Mwaka wa tano mke wangu aliniita chumbani kwa watoto. "Baba watoto, hebu tazama." Ukutani palipanda njia nyembamba ya udongo, toka sakafuni hata darini. Niliifuta kwa ufagio, nikasema yamekwisha. Baada ya siku chache ilirudi, nami nikaifuta tena. Sikujua ya kuwa mchwa hujenga njia hiyo ili wasikaushwe na hewa, na ya kuwa kuibomoa bila kutafuta walikotoka na walikofika ni kazi bure.

Zilipokuja mvua za Aprili, boriti moja ilikatika usiku ikaangukia kitanda cha mwanangu mdogo. Kwa rehema za Mungu alikuwa na homa, akalala kwetu. Asubuhi niliishika boriti ile ikavunjika mkononi: nje mti, ndani udongo mtupu. Mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Bunduki ya serikali ulikuwa ukiisafisha kila siku." Neno hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Tangu hapo nyumba yetu ina ukaguzi mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti, kabla ya misimu yetu miwili ya mvua.

Kwanza, mimi na watoto huzunguka msingi kutafuta njia za mchwa. Tukiiona, twagonga mbao zilizo karibu. Ubao ukitoa sauti ya kitu kitupu umekwisha kuliwa, hauna budi kutolewa, na mahali pale hutiwa dawa. Kuni haziegemezwi ukutani kamwe, maana huko ni kuwaalika mchwa mezani.

Pili, paa. Mipira ya misumari hukakamaa kwa jua, maji yakapata upenyo. Msumari uliolegea hubadilishwa, kutu hukwanguliwa na kupakwa rangi. Apandaye juu hukanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa kuwa ndiko kwenye mbao chini yake.

Tatu, mifereji ya paa huondolewa majani. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 1,200 za maji. Yakimwagika kando ya msingi yanakula udongo na kulowesha ukuta. Yakiongozwa kwenye tangi lililosafishwa, mama wa nyumba anapumzika safari za kisimani.

Kazi yote hutuchukua siku mbili, na gharama yake ni ndogo kuliko ile niliyolipa kwa paa jipya la chumba kimoja.

Ndugu askari, siku moja utarudisha sare na funguo za nyumba ya serikali. Anza sasa, hapo ulipo kambini, kuwazoesha watoto wako kutazama ukuta na dari. Na mkeo akikuita akisema "hebu tazama," usichukue ufagio. Tazama kweli.