Sura ya Bibi

Mtu anayejipiga picha hushukiwa upesi kuwa anajipenda. Yawezekana; lakini mimi nalisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu kwa kumtafuta mtu mwingine. Babu yangu mzaa baba ameacha picha moja aliyopigwa Korogwe, ndani ya koti la kuazima, mkono juu ya kiti. Bibi, Mzigua wa Handeni, hakuacha hata moja.

Babu alikuwa Mbena aliyeletwa kukata mkonge. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kwa hiyo 62 yakaota mashamba yaliyofuata reli hata Korogwe, na mashamba yakataka watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka majimbo ya mbali. Waliitwa manamba, maana walijulikana kwa namba. Majina yao yaliweza kungoja.

Basi baba yangu ni nani? Kwa Wabena mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa desturi ya kale ya Wazigua ni wa ukoo wa mama. Alistahili kudaiwa na pande zote mbili. Lakini lilipogawanywa shamba la Handeni aliambiwa akatafute kwao, kwa sababu wengi huko sasa huhesabu kwa baba. Neno hilo ndilo lililonipeleka kwenye kamera.

Nalijipiga picha katikati ya mistari ya mkonge, mkono kama wa babu. Haikufaa kitu, nalionekana mchezaji wa maigizo. Handeni nilijifunga kaniki, nikakaa mlangoni, nikaacha kutabasamu. Picha hiyo ina kitu, ingawa sithubutu kukiita ushahidi. Wazigua waliofikishwa Somalia kwa utumwa katika karne ya 19 waliishi vizazi kadhaa bila picha, na wajukuu wao waliorudi Chogo, huko huko Handeni, walikuja na Kizigua kinywani. Mimi nina picha, na Kizigua changu hakipiti salamu.

Nilimpelekea mdogo wake bibi, ambaye sasa ni mkongwe. Aliifunika nusu ya chini kwa kiganja, akatazama kitambo kirefu.

“Kutoka puani kwenda juu ni wetu,” alisema. “Huko chini wape Wabena.”

Kisha akauliza ni nani aliyenipiga, na nilipomjibu kuwa ni mimi mwenyewe, hakusadiki.