Wanyika Waliopita Kwetu

Kwa watu wa milimani, sisi wa Mazinde ni watu wa nyika tu. Ukisimama pale Irente, juu Lushoto, ukachungulia chini, unatuona: tambarare kavu, mistari ya mkonge, lami na reli. Hiyo ndiyo nyika. Msambaa wa mlimani akilitamka neno hilo unaweza kudhani anakung'uta vumbi kwenye suruali. Huku kuna joto, kuna mbu, na kuna watu wa kila kabila.

Sasa, ndugu msomaji, hebu fikiria vijana wa Tanga wanakwenda Nairobi na kujiita Simba Wanyika. Sidai kwamba jina lilizaliwa Mazinde, maana nyika zipo tele Afrika Mashariki. Lakini neno ambalo kwetu ni tusi dogo, wao walilibandika kwenye santuri, na watu wakalipia pesa kulisikia.

Kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha. Washkaji wanasema Simba Wanyika ni bendi ya Kenya, basi, mjadala umefungwa. Wanasema hivyo kwa sababu nyimbo zilirekodiwa Nairobi na vilabu vilikuwa vya Nairobi. Mimi nabisha. Nisikilize.

Bila mkonge habari hii haipo. Dk. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yakaja mashamba, na mashamba yakataka watu. Wakaletwa manamba kutoka bara, Wanyamwezi, Waha, Wabena, wengi kupitia SILABU, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mnyamwezi na Mbena wakikutana kambini Mazinde hawana lugha ila Kiswahili, na siku ya mapumziko hawana starehe ila ngoma, baadaye dansi. Mji wa Tanga ukapata bendi zake: Atomic Jazz, na Young Nyamwezi, ambayo jina lenyewe linakwambia wapigaji walitokea wapi. Hiyo Young Nyamwezi ndiyo iliyokuja kuitwa Jamhuri Jazz. Ukiongeza taarab ya Black Star na Lucky Star, utaona Tanga haikuwa mji wa mchezo.

Mwaka 1966 Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George, wazaliwa wa Tanga, waliingia Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka kwenda Kenya, na huko ndiko bendi ilikobatizwa Simba Wanyika. Kutoka Tanga kwenda Arusha njia ni Korogwe, Mombo, Mazinde, Same, Moshi. Hakuna ya mkato. Gitaa zile zilipita hapa hapa mbele ya maduka yetu.

Kwa nini waliondoka? Tanzania ya wakati ule ilikuwa na wanamuziki wakali, lakini bendi nyingi kubwa zilikuwa na mwenyewe: chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, jeshi lilikuwa na bendi yake, polisi nao vilevile. Mshahara ulikuwepo, gitaa unapewa, lakini gitaa si lako, na siku ya sherehe unapiga unachoambiwa. Redio Tanzania ilikurekodi, ila santuri zilitengenezwa Nairobi. Huko kulikuwa na kampuni za kurekodi, na bendi iliweza kujitegemea, ikala au ikalala njaa kwa nguvu zake yenyewe.

Na muziki wenyewe, jamani! Wakati benga ilikuwa inakimbia kama matatu, hawa walikuja polepole. Gitaa la rithimu linarudia kifungu kimoja kifupi, halichoki. Besi inaacha nafasi, inarudi. Solo haipigi kelele, inajibu tu, kama mtu anayeongea chini chini asiamshe watoto. Halafu saksafoni inaingia. Santuri ndogo haikutosha wimbo mzima, kwa hiyo ulikatwa katikati, unageuza upande wa pili na magitaa yanaendelea pale pale yalipoishia. Mpaka leo naona sura za riwaya zingepaswa kukatwa hivyo.

Rafiki yangu mmoja aliyesoma chuo aliniwekea kwenye simu nyimbo za Cocteau Twins, bendi ya Uskoti. Akaniambia hiyo ndiyo pop ya ndoto: gitaa lenye mwangwi, sauti inayoelea, maneno hata Waingereza wenyewe hawayashiki. Bendi hiyo ilianza mwaka 1979 Grangemouth, mji uliokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta. Nikasikiliza usiku kucha. Nzuri, sikatai. Lakini kama ndoto ni gitaa, ya mkonge ilitangulia ya mafuta, na ya kwetu maneno yanasikika.

Mwaka 1978 nyumba ilipasuka. Mpiga rithimu Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, aliondoka na wenzake kadhaa, akiwemo Tom Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza. Muda si mrefu wakatoa "Sina Makosa". Wakati huo mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa, tangu 1977 Jumuiya ilipovunjika hadi 1983. Watu hawapiti, malori hayapiti, lakini redio haina geti. Wimbo wa Watanzania ukarudi kwao ukitokea ugenini, na wazee wa hapa wanausimulia kama mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma.

Wilson na George hawakuzima. Walijaza watu wapya, wakaendelea, na George akatoa nyimbo pia kwa jina la Orchestra Jobiso. Walifika Ulaya, na albamu ya "Pepea" ikatoka mwaka 1992. Mwaka huo huo George akafariki. Wilson akamfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Washkaji wananiuliza: kama ni wetu, mbona hawakurudi? Swali hilo linaniuma kuliko linavyowauma wao. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nina kaunta buku tatu zenye riwaya, na mjomba kila akipiga simu ananiambia, "Mwanangu, njoo Dar, huko porini nani atakusoma?" Namjibu, "Shikamoo mjomba, nitakuja," na siendi.

Simwambii habari za Semboja, angenicheka. Semboja alikuwa mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambaa wote. Baada ya baba kufa mwaka 1862 palitokea vita vya kugombea kiti, na Semboja akauteka Vugha, mji mkuu wa mlimani. Kiti akamkalisha mwanawe. Yeye akabaki zake Mazinde, huku vumbini, kwa sababu misafara ya biashara ilipita huku. Alikaa njiani, dunia ikampitia mlangoni.

Akina Kinyonga walichagua kuifuata njia hiyo hiyo mpaka mwisho wake. Usiku naandika nikisikia mabasi ya Arusha yakipunguza mwendo kwenye matuta, halafu yanashika kasi tena. Kaunta buku ya tatu imebakiwa na kurasa kumi na nne, na mhusika wangu, mpiga rithimu, bado amesimama kituoni na begi lake. Basi limesimama, konda anamwita.