Kompyuta iliyoganda na fundi niliyemkosea

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kompyuta yangu ndiyo iliyoniacha, na katika kuhangaika nayo nikamkosea mtu. Leo naeleza yote mawili, huenda yupo mwenzangu ambaye mashine yake inamtenda hivi hivi.

Nilikuwa nyumbani hapa Mapinga, saa 4 usiku, namalizia habari ya akina mama wanaolima mwani kule Mlingotini. Hali yao wengi mnaijua: maji ya kina kifupi yanapata joto, mwani aina ya cottonii unakufa, wanabaki na spinosum ambao bei yake ni ndogo. Nilishafika maneno kama 900. Nikasita kutafuta neno moja, na nilipotaka kuendelea nikakuta kioo kimeganda. Kishale hakitembei. Nikabonyeza Caps Lock, taa yake haikuwaka. Ikabidi nishikilie kitufe cha kuwashia mpaka izime. Nilikuwa nimehifadhi robo tu ya habari, na mhariri aliitaka asubuhi. Habari haikutoka. Wale mama niliwaahidi kwamba watajisoma gazetini.

Kesho yake ikaganda mara tatu. Nikapanda daladala hadi Bunju kwa fundi ninayemtumia siku zote. Akafungua, akapuliza vumbi, akasema tujaribu kubadilisha RAM. Nikalipa shilingi 45,000. Usiku ule ule, kompyuta ikaganda tena.

Basi bwana, asubuhi nilirudi kwake nikiwa nimefura. Mbele ya wateja wake nikamwambia, "Fundi, umeniuzia RAM mbovu." Hakupandisha sauti. Akasema, "Dada, RAM ni nzima. Nadhani hiyo Linux yako inagombana na mashine." Nikaona anakwepa. Nikaondoka bila kuaga.

Niseme kwanza kwa nini nilichukia. Linux naipenda tangu niliposikia habari ya Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tena ni ya bure, na kompyuta yangu ni ya mtumba. Kuambiwa Linux ndiyo yenye kosa ilikuwa kama kutukaniwa ndugu.

Nilipotulia nikaamua kufanya kama ninavyofanya kazini: niache kubuni, nikusanye ushahidi. Nikaweka daftari. Usiku mmoja niliacha programu ya Memtest ipime RAM mpaka alfajiri. Makosa: 0. Hapo moyo ulinishuka, maana fundi alisema kweli. Nikapima joto la prosesa, lilikuwa la kawaida. Nikafungua kumbukumbu za mfumo kwa amri ya journalctl -b -1, nione kilichoandikwa kabla ya kuganda. Hakuna kitu. Maandishi yanakatika ghafla, kama shahidi aliyenyamaza katikati ya sentensi.

Daftari ndilo lililonifumbua macho. Kompyuta haikuganda hata mara moja nilipokuwa naikamua kwa kazi nzito, mfano kubadilisha faili za video. Iliganda nilipokuwa nasoma, nawaza, au nimeenda kuepua chai. Yaani iliganda ikiwa imepumzika.

Kumbe ndipo kerneli inapoingia. Kerneli ni kiini cha mfumo, ndiyo inayosema na vifaa. Ya Linux ilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi kule Ufini. Prosesa ikikosa kazi, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kerneli huilaza ili kuokoa umeme. Usingizi huo una ngazi. C1 ni kusinzia tu, ukiitwa unaitika. C6 ni usingizi mzito, umeme unakaribia kukatwa kabisa. Tangu mwaka 2015 watumiaji wa Linux walikuwa wakikusanya taarifa za prosesa ndogo za bei nafuu, za miaka ya 2013 na 2014, ambazo usingizi mzito unazigandisha. Yangu ni ya kundi hilo.

Nikajaribu dawa kwa muda kwanza. Unapowasha, ukifika kwenye menyu ya GRUB, bonyeza herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, ruka nafasi moja, kisha andika:

idle=halt

Bonyeza F10. Maana yake unaiambia kerneli iache usingizi mzito, prosesa iishie kusinzia. Ukiharibu usiogope, ukizima na kuwasha upya badiliko hilo linafutika. Kuona kama limeshika, andika cat /proc/cmdline.

Siku 11 kompyuta haikuganda. Sikushangilia bado. Nikaliondoa lile neno, siku ya pili ikaganda. Nikalirudisha, ikatulia. Hapo ndipo nikalihifadhi moja kwa moja ndani ya faili la /etc/default/grub, kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, nikamalizia na sudo update-grub. Nilinakili faili la zamani kabla ya kuligusa, nanyi fanyeni hivyo.

Dawa ina gharama yake. Prosesa isiyolala inakula chaji. Betri iliyokuwa ikinipa saa 4 sasa inanipa 3, na umeme ukikatika usiku hiyo saa moja nailia. Lakini afadhali saa 3 za uhakika.

Jumamosi nilishuka Bunju. Nilimkuta fundi ana wateja wawili, nikaona ndiyo vizuri, maana nilimkosea mbele ya watu. Nikamwambia, "Fundi, RAM yako ni nzima. Na ulisema kweli, Linux ilikuwa inagombana na mashine. Nisamehe." Akacheka, akasema, "Yaishe, dada." Kisha akatoa kalamu akaniomba nimwandikie lile neno kwenye boksi la RAM. Ana laptopu mbili za wateja zinaganda hivyo hivyo.

Kazini nimefundishwa kutomtuhumu mtu bila ushahidi. Sikujua kwamba sheria hiyo inafika hadi kwenye meza ya fundi. Kesho asubuhi narudi Mlingotini kuanza upya ile habari, na safari hii nahifadhi kila baada ya aya moja.

Tuko pamoja.