Seli za Nje

Likizo iliyopita nilichota maji ya kijani kwenye kidimbwi tunachomwagilia kabichi nyumbani Soni. Nilipoinua chupa juani, vidoa vidogo vilikuwa vinabingirika ndani. Nikarudi nayo chuo siku ileile, na chini ya hadubini ikawa kweli: Volvox, ule mwani wa kijani ambao wengi wetu tuliukariri kwa ajili ya mtihani tu, tukausahau getini.

Klamidomonasi ni seli moja yenye mijeledi miwili, doa la kuhisi mwanga na kloroplasti kama kikombe. Inaogelea, inajitengenezea chakula, inazaa, yote yenyewe. Gonium ni seli kama hizo zilizoshikana, nne hadi 16, na kila moja bado ina uwezo wa kuzaa. Volvox ndiyo inayovunja utaratibu. Ni mpira wa utelezi, na seli zimepangwa usoni mwake, mamia hadi maelfu. Kazi ya hizo za nje ni kupiga mijeledi mpira uende. Hazigawanyiki tena. Chache tu, zile kubwa, ndizo zinazozaa. Makoloni machanga yanakulia ndani ya mama, halafu yanampasua na kutoka. Seli za nje zinabaki kufa. Kuna hadi Volvox africanus, jina alilolitoa G. S. West mwaka 1910.

Nilirekodi kwa simu. Pasaka nikamwonyesha kaka, sokoni, akipanga nyanya kwenye tenga. Kaka aliacha shule kidato cha pili mzee alipofariki. Ada yangu imetoka kwenye matenga hayo.

Akaangalia muda mrefu. "Sasa hizi za nje, zinazaa lini?"

"Hazizai."

Akanirudishia simu. Nikaanza kujitetea kisomi: seli zote zimetoka kwenye seli moja, kwa hiyo ile ya nje haipotezi kitu, watoto ni wake vilevile. Hata nikiwa naongea nilijua mimi na yeye hatuko hivyo. Nikaongeza habari ya regA, jeni inayozuia seli za nje za Volvox carteri kuzaa. Ikiharibika, zinakua upya na kuanza kugawanyika.

"Mimi sio mwani, dogo. Shika kamba hapo."

Tukafunga matenga mawili kimya. Lori liliposhuka kuelekea Mombo ndipo akaniuliza fomu za mtihani wa maarifa, ile QT, zinatoka mwezi gani.