Daftari la Madeni la Mwenye Duka

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, mjukuu wangu alifungua simu, akaitafuta shule niliyosoma mimi, akanionyesha wastani wake. "Babu, mbona shule yenu iko chini hivi?" Nikamwambia kuwa enzi zetu ilikuwa shule ya kati, na kwamba pale nilimaliza darasa la nane. Akashangaa. "Kwani babu ulisoma Kenya?"

Sikumlaumu, maana hakuna aliyemweleza. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Shule ya kati ilianza darasa la tano ikaishia la nane. Yetu ilikuwa kati ya Muheza na Korogwe, ukingoni mwa shamba la mkonge. Mlango wake ulikuwa mtihani wa darasa la nne: vijiji vingi vilipeleka watoto, wachache wakapita. Cheti changu, nilichokitoa sandukuni wiki iliyopita, kinasema nilimaliza 1964, kwa hiyo niliingia 1961. Binamu yangu tuliyekaa naye dawati moja anashikilia kuwa ilikuwa 1962. Tuyaache hayo. Ninachokumbuka bila cheti ni harufu.

Korona, mashine ya kusaga mkonge, ilikuwa bondeni. Majani ya mkonge yakishasagwa na singa kutolewa, makapi ya kijani yalimwagwa kando, yakachacha juani. Upepo ukigeuka, harufu ile ilipanda hadi darasani, kali kama togwa iliyosahaulika mtungini. Tulijifunza desimali na Kiingereza ndani yake. Hata leo nikipita karibu na mashine ya mkonge, jedwali la kuzidisha linanijia kichwani lenyewe.

Nje ya lango palikuwa na duka la mzee mmoja wa Kimanga. Aliuza wino, nibu, madaftari, sabuni ya kipande, na mafuta ya taa kwa kibaba. Alivaa kofia ya kitambaa iliyofifia, na sauti yake haikupanda hata siku moja. Kila mteja alikuwa na ukurasa katika daftari lake la madeni, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu mkuu alikuwa na rejista yake ya mahudhurio. Ya yule mzee ilikuwa na habari zaidi. Mtoto akiacha kukopa nibu, yeye alijua kabla jina halijakosa mwitikio darasani. Aliniuliza, "Mwanangu, mwenzio yule wa kambini simwoni. Baba yake kahama?" Alikuwa akimtaja mtoto wa manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani, Mnyamwezi, mmoja kati ya wachache mno wa kambini waliofika kwetu. Kweli, baba yake alikuwa amehamia shamba jingine, na masomo ya mwana yakaishia hapo.

Darasa letu lilianza na wasichana wanne. Baba wa mmoja akija kukopa khanga na udi mahali pa daftari, mzee alipiga mstari juu ya ukurasa wa msichana, akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu kaolewa." Nilimwona akipiga mistari mitatu.

Katika daftari hilo alikuwamo kaka yangu. Hesabu za kichwa alinishinda. Mimi bado nahesabu vidole, yeye keshajibu. Lakini mwaka wake nafasi zilikuwa chache, hakupita. Akaenda korona. Mzee alimhamisha kutoka kurasa za wanafunzi hadi kurasa za wafanyakazi, pamoja na tumbaku na mafuta ya taa.

Sisi tuliobaki tulifaulu. Wageni walikuja wakaisifu shule yetu kwamba inafaulisha, na sifa ile tuliila kwa mikono miwili. Hakuna aliyewataja akina kaka yangu. Mtu aliyezuiwa langoni hashushi wastani wa shule.

Baadaye darasa la nane likaondolewa, shule ikawa ya msingi ya miaka saba, masomo yakawa kwa Kiswahili. Kisha likaja Azimio la Musoma la elimu ya msingi kwa wote, na kufika 1977 watoto wa kambini na wa vijijini waliingia wote, wakasoma kwa zamu, wengine chini ya miembe, chini ya walimu waliofundishwa upesi. Wazee walisema kiwango kimeanguka. Nami nilisema hivyo, na najuta. Nilikuwa nikililia darasa lililochujwa.

Bei ya mkonge ikaporomoka, kambi zikapungua watu, mzee akafunga duka. Ada iliyokuwa imefutwa ikarudi, ikafutwa tena 2001. Shule za Kiingereza zikaenea, na wenye uwezo wakawahamisha watoto wao. Wanangu mimi ni miongoni mwa wazazi hao. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016, darasa la kwanza limejaa pomoni.

Kinachonikasirisha ni hiki: kila mwaka tunaushika wastani mmoja kama fimbo. Shule inayopokea kwa usaili na kuwalaza watoto bwenini inawekwa kwenye mizani moja na shule inayompokea kila anayefika langoni, awe amekula au hajala. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora, nikafurahi. Lakini orodha bado zinazunguka kwenye simu. Anayetaka kuipima shule na aulize kwanza wangapi waliingia darasa la kwanza na wangapi wamefika la saba, ni watoto wa nani, na wanatembea umbali gani. Mwenye duka alikuwa na majibu hayo yote.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye shule ile. Duka limebomolewa, imebaki sakafu, na juu yake yamepangwa matofali ya darasa jipya. Mwalimu wa zamu, kwa hisani yake, alitufungulia rejista ya darasa la sita. Nilipitisha kidole polepole: majina ya Kisambaa, ya Kibondei, ya Kimakonde, ya Kiha, na wasichana wengi kuliko wavulana. Karibu na mwisho nikakuta jina la ukoo wetu. Ni mjukuu wa kaka yangu, msichana wa miaka kumi na miwili. Vema zake zilikuwa zimefuatana mstari mzima, na juu ya jina lake hapakuwa na mstari.